Waya Nyuma ya Pamba

Mayai yalikuwa yametimiza siku kumi na nane ndani ya mashine ya kuangulia pale taa ya sebuleni kwa Felisita ilipoanza kukonyeza. Ilikuwa Jumatatu, saa moja asubuhi, uji uko jikoni, na yeye alikuwa amechutama akisoma kipimajoto cha mashine kama alivyofanya kila alipoamka, kabla hata ya kunawa uso. Taa ikafifia, ikarudi, ikafifia tena. Halafu ikaja harufu. Haikuwa ya moshi wa kuni, hiyo aliijua. Ilikuwa ya plastiki inayoungua, na ilitokea chumba cha pamba.

"Baba Lucy," aliita. "Njoo unuse."

Anatoli alikuja na mswaki mdomoni, akanusa, akasema kuna mtu anachoma takataka. Felisita hakubishana naye. Alikuwa ameishi na mwanamume huyo miaka kumi na saba na alijua kuwa anahitaji kama nusu saa kulikubali jambo lolote baya. Akachukua simu akampigia fundi Joakim.

Pale kijijini Kasoli, msimu ukifika, pamba hukaa ndani na watu. Wenye maghala wana maghala. Wengine huwahamisha watoto wakalale jikoni. Nyumbani kwa Anatoli chumba chenye dari ya singibodi na kufuli la maana kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo mavuno ya ekari sita yalikuwa humo, yameshindiliwa ukutani hadi karibu na dari, yakingoja mizani ya chama cha msingi cha ushirika ambayo kila wiki ilitangazwa kuwa itafunguliwa wiki ijayo. Panya hawakuwa na haja ya kungoja mizani. Pamba ambayo haijachambuliwa ina mbegu za kula na godoro la kuzalia, vyote mahali pamoja. Na nyaya zote za nyumba ile zilipita humo, juu ya kenchi za paa, zikashuka ukutani nyuma ya lundo.

Joakim alipofika hakuhitaji kunusa mara mbili. Alipanda ngazi, akachimba pamba kwa mikono, akamulika tochi ya simu, akakaa huko juu muda mrefu. Aliposhuka alikuwa na pamba kidogo kiganjani, imebadilika rangi kama iliyomwagiwa chai.

"Mama Lucy, mlikuwa mnalala na moto," alisema.

"Si uzungushie tepu," alisema Anatoli.

"Nizungushie tepu ngapi? Nimeona sehemu nne shaba iko wazi, na hapo sijafika ukutani. Baba Lucy, mimi paipu za kupitishia nyaya nilikuandikia. Kwenye ile karatasi niliandika paipu kumi na mbili."

Anatoli aliikumbuka karatasi. Miaka mitatu nyuma, nguzo zilipofika kitongojini, alichukua kalamu ya binti yake akakata mstari wa paipu mbele ya fundi na mbele ya watu waliokuja kushangaa. "Paipu za nini," alisema siku ile, "umeme si maji." Watu walicheka sana. Joakim naye alicheka, maana ndiyo kwanza alikuwa ameanza ufundi na alihitaji kazi. Sasa wote watatu walisimama mlangoni pa chumba cha pamba na hakuna aliyekuwa na kicheko.

"Tutoe pamba kwanza," alisema Joakim. "Nikipata nafasi ya kufika ukutani, nafunga upya kwa paipu, siku moja na nusu."

"Niitoe niipeleke wapi? Angalia mawingu hayo. Mizani inafunguliwa Alhamisi, safari hii ni hakika. Ikilowa hawaipokei."

"Basi nyumba ikae bila umeme mpaka Alhamisi."

"Na mayai?" aliuliza Felisita.

Fundi aliangalia mashine, lile sanduku la mbao lenye kioo mbele, na mayai yamelala humo kwa mistari. "Yamebakiza siku ngapi?"

"Tatu."

"Mama, kuku watataga mengine."

"Haya si yangu," alisema Felisita.

Kweli hayakuwa yake. Mashine ilikuwa ya kikundi, wanawake kumi na wawili waliochanga msimu mzima wa choroko kuinunua, na ilikaa kwake kwa sababu nyumba yake peke yake upande ule ilikuwa na umeme. Kila yai lilikuwa na jina la mwenyewe kwa penseli. Felisita aliyageuza, akalinda joto, akaweka maji, na ujira wake ulikuwa kifaranga mmoja katika kila kumi. Vifaranga hao ndio waliomnunulia Lucy madaftari. Lakini zaidi ya vifaranga, Felisita alipenda jinsi wanawake walivyokuwa wakimkabidhi mayai yao, wakiyatoa kwenye khanga moja moja, bila kumuuliza swali.

Anatoli alisema umeme urudishwe hivyo hivyo, siku tatu si nyingi, atalala hapo mlangoni na ndoo ya maji. Joakim alimtazama kwa huruma. Akaenda kwenye swichi kuu, akazima, akachomoa saketi breka akaitia mfukoni mwa suruali.

"Nitairudisha nikija na paipu," alisema. "Mnisamehe. Nyumba ikiungua watauliza fundi ni nani."

Mtu mzima, mwenye ekari sita na ng'ombe wa kulimia, alisimama sebuleni kwake akiangalia umeme wake ukiondoka ndani ya mfuko wa kijana. Alikwenda nje akamalizia kupiga mswaki.

*

Felisita aliifunika mashine kwa mablanketi mawili na akaweka ndani chupa za maji ya moto. Kipimajoto kilitoka thelathini na saba na nusu kikashuka hadi thelathini na sita, kikapanda kidogo, kikashuka tena. Angeweza kukaa hapo akibadilisha chupa mpaka Alhamisi, lakini kuni zisingefika, na yeye mwenyewe asingefika. Nyumba nyingine yenye umeme ilikuwa ya mwenyekiti wao Elizabeth, huko senta, na barabara ya kwenda huko ilikuwa ile ambayo maziwa yakipita kwa bodaboda hufika yakiwa siagi.

Kilichotakiwa kilikuwa kuku wanaolalia. Wanne hivi. Na mwenye kuku wengi kiasi hicho alikuwa mmoja tu, ng'ambo ya ua wa minyaa, hatua sitini kutoka mlangoni. Felisita aliketi juu ya kigoda akiutazama ua huo, akajisikia amechoka kabla hajainuka.

Jirani huyo, Minza, mjane, alikuwa na paka aliyeitwa Polisi. Alikuwa paka wa Minza kwa jina, kwa kazi alikuwa wa nyumba zote mbili. Usiku alitembea juu ya mabati ya huku na ya kule, na katika miaka yake panya walijua mipaka yao. Tatizo lilikuwa kwamba panya wachache walibaki, na Anatoli hakuwa mtu wa kuvumilia wachache. Mwezi Machi, baada ya kupiga dawa shambani, alirudi na chupa iliyobakiza kidogo. Dawa inayoua viwavi vya pamba, alisema, itashindwaje na panya? Felisita ndiye aliyesonga ugali wa kutia dawa hiyo. Alitia dagaa ili unukie.

Siku ya tatu Minza alimbeba Polisi kwenye beseni, amekauka, akampeleka kwa Paschal, balozi wa nyumba kumi. Watu walikusanyika. Anatoli alisema huyo ameumwa na nyoka. Balozi akamgeukia Felisita akamuuliza, wewe mama, nyumbani kwako kuna sumu? Na Felisita, anayeimba kwaya, anayeaminiwa mayai ya watu, alisema hakuna, na Mungu ananiona.

Tangu siku ile Minza hakuitikia salamu ya mtu yeyote wa nyumba ile. Na kwa Msukuma kunyimwa kuitikiwa ni jambo zito, afadhali utukanwe. Miezi mitatu Felisita alisalimu ua wa minyaa kila asubuhi na ua haukumjibu.

*

Alimkuta Minza uani, anapepeta choroko. Akapiga magoti kwenye changarawe kama inavyompasa mwanamke mdogo mbele ya mkubwa.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kama mama yake.

Ungo uliendelea kupanda na kushuka.

"Mayu, nina shida."

"Kwako kuna umeme," alisema Minza bila kumtazama. "Shida gani inaweza kukutoa kwenye umeme ikulete huku?"

"Umeme umezimwa. Panya wamekula nyaya."

Ungo ukasimama. "Panya," alisema Minza polepole. "Wametoka wapi panya?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na Felisita aliuona. Angeweza kusema mwaka huu panya ni wengi kila mahali. Angeweza kulia tu, machozi nayo husaidia. Changarawe zilimchoma magoti. Alifikiria mayai yanavyopoa chini ya blanketi, na jina la Elizabeth juu ya mayai kumi na mawili kwa mwandiko wa darasa la nne, na akaona hana nguvu tena ya kuubeba uongo huu pamoja na mengine.

"Nilipika mimi," alisema. "Anatoli alileta dawa ya pamba, mimi nikasonga ugali na dagaa. Tuliuweka darini. Panya wengine walitoka kwenda kufia nje, Polisi akamla mmoja. Nilijua siku ile ile. Mbele ya balozi nilisema uongo."

Minza aliuweka ungo chini. Alitoa choroko moja iliyooza, akaitupa kwa jogoo.

"Alirudi anajivuta kwa miguu ya mbele," alisema. "Nilimnywesha maziwa kwa kijiko. Ujue, Felisita, mumeo sikumwamini hata dakika moja. Lakini wewe nilikuamini. Siku mbili nzima nilitafuta nyoka humu ndani kwa fimbo, mimi na umri huu, kwa sababu wewe ulisema hakuna sumu."

"Nisamehe, mayu."

"Hilo tutaliangalia. Mayai ni mangapi?"

"Hamsini na nane. Yangu ni manane tu."

Minza alihesabu kwa macho upande wa banda. "Wanaolalia ninao wanne. Wawili hawana mayai, wanalalia majani kwa ukaidi wao. Wawili wana yao." Akajipangusa makapi ya choroko mikononi. "Ulisema uongo mbele ya watu. Ukweli utausema mbele ya watu. Na huyo wako aje mwenyewe. Asije na kuku, asije na hela. Aje na mdomo."

"Nitamwambia."

"Lete mayai, yanapoa." Na alipokuwa anainuka, akishika kiuno, aliongeza, "Mwangaluka," kama vile salamu ndiyo kwanza imemfikia.

Felisita alikimbia nyumbani. Alichukua beseni, akaingia chumba cha pamba, akachota pamba safi kwa mikono yote miwili, akaipasha juu ya sufuria ya moto, akayapanga mayai humo.

"Hiyo ni daraja la kwanza," alisema Anatoli.

"Basi yatalala daraja la kwanza."

Alikwenda safari tatu. Safari ya mwisho alimkuta Minza amepiga magoti ndani ya banda, anayatoa mayai yaliyokuwa chini ya wale kuku wawili, moja moja, akiyaweka kwenye bakuli la bati. Yalikuwa ishirini na mawili, ya siku sita. Si ya kula tena na si ya kuanguliwa tena. Alilisogeza bakuli kando kwa mguu na akanyoosha mkono kupokea mayai ya watu. Felisita alitaka kusema asante akaona neno halitoshi, akampa tu mayai.

*

"Umemwambia," alisema Anatoli mchana ule.

"Nimemwambia."

"Na mimi umenitaja."

"Nilisema dawa imetoka wapi. Anataka uende."

Anatoli alicheka bila furaha. "Nikapige magoti kwa ajili ya paka? Umenivua nguo, mke wangu."

"Tulizivua wote mwezi Machi," alisema Felisita. "Ni vile tu hatukuwa na wa kututazama."

Anatoli hakugomba zaidi, wala Felisita. Walikula ugali wao, na jioni wakawasha kibatari mbali na chumba cha pamba, kama watu wa zamani.

Alhamisi mizani ilifunguliwa kweli. Anatoli na vijana wawili walitoa pamba kuanzia alfajiri, na lundo lilipofika chini ukuta ukaonekana. Kulikuwa na viota vitatu, vimesukwa kwa pamba na vipande vya plastiki nyeupe ya nyaya, na ndani yake watoto wa panya wekundu wasio na manyoya, wanapumua. Waya wa kushuka ulikuwa uchi kuanzia dirishani hadi sakafuni. Anatoli aliuangalia kwa muda mrefu. Lucy alikuwa akilala chumba cha pili, kichwa upande wa ukuta ule. Joakim alifika na paipu kumi na mbili, akazipanga sakafuni, na kwa adabu yake hakumkumbusha mtu maneno ya siku ile.

*

Ijumaa wanawake wa kikundi walijaa uani kwa Minza. Vifaranga arobaini na watatu walikuwa wameanguliwa, wanapita chini ya mbawa za kuku wasiojua tofauti yao. Kwa kuwa kifaranga hana jina, walihesabu maganda. Walikaa chini wakayaunganisha vipande, wakisoma penseli: hili la Shida, hili la Salu, hili nalo la Elizabeth, herufi ya mwisho imebaki kwenye kipande kingine. Kazi hiyo iliwafurahisha, walicheka sana, na Felisita aliwaacha wacheke mpaka wachoke kwa sababu alijua hakitafuata kicheko kingine.

Kisha alisimama akayasema yote: chupa, ugali, dagaa, balozi. Hakumtupia mumewe lawama. Sauti yake ilikuwa ya chini na hakuna aliyemwambia aongeze.

Halafu Shida, mwanamke mwembamba aliyekaa karibu na banda, akauliza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Na ile mboga uliyotupikia Pasaka, uliipika kwa sufuria gani?"

Wawili watatu walicheka. Wengine waliangalia mikono yao. Felisita alijibu kuwa sufuria ya ule ugali aliitupa chooni, na ilikuwa kweli, na aliona kuwa hawana namna ya kujua kama ni kweli. Hilo ndilo lililomuuma. Mambo mengine yote aliyatarajia.

Elizabeth, mwenyekiti, mama mnene mwenye haki, alisafisha koo. "Mama Lucy, umefanya vizuri kusema. Si kwa ubaya. Lakini mashine ihamie senta kwangu, kwa sasa."

"Kwa sasa" hiyo kila mtu aliifahamu.

Minza hakumtetea. Aligawa vifaranga kwa hesabu ya maganda, na zamu ya Felisita ilipofika akamhesabia sita wake kwenye tenga dogo.

"Wabaki, mayu," alisema Felisita. "Yako yalikuwa ishirini na mawili."

"Najua yalikuwa mangapi," alisema Minza. Lakini alilipokea tenga, akawarudisha vifaranga chini ya kuku, na akauliza, akiwa amempa mgongo, "Mumeo miguu inamwuma?"

*

Bodaboda alikuja saa nane akaifunga mashine kwa mipira ya tairi. Felisita alimsaidia kuipandisha. Alipoingia ndani, mahali ilipokuwa imekaa sakafu ilikuwa na mraba msafi, rangi ya saruji mpya.

Joakim alikuwa amemaliza na kuondoka. Paipu nyeupe zilipanda ukutani zikageuka kona vizuri, zikapita juu ya kenchi. Chumba cha pamba kilikuwa kitupu, kina mwangwi. Anatoli alimwona akaenda kwenye swichi akaiwasha mchana kweupe.

"Ona," alisema. "Sasa panya aje na msumeno."

Taa haikukonyeza. Felisita aliiangalia.

"Mashine imekwenda kwa Elizabeth," alisema. "Zima, unakula umeme bure."

Anatoli alizima. Alisimama na kidole juu ya swichi. Alikuwa ameuza pamba vizuri, nyumba yake haikuungua, na alionekana kama mtu aliyerudi kutoka msibani. Alizunguka nyuma ya mlango, akapapasa juu ya fremu, akatoa chupa ya dawa ya pamba ambayo Felisita alidhani ilitupwa zamani. Ilikuwa na kidogo chini. Akaishika bila kujua aiweke wapi.

"Ulisema yote?"

"Yote."

"Walicheka?"

"Wachache."

Akaigeuza chupa mkononi. "Minza amesema nini?"

"Anakusubiri."

"Leo?"

"Tangu Machi."

Anatoli alitoka. Hakufika mbali, alirudi, akachukua kofia yake ya kanisani, lile pama, kwenye msumari, akalivaa, akatoka tena na chupa mkononi. Felisita alikwenda hadi kizingitini. Minyaa ilimzuia kuona, lakini alisikia viatu vya mumewe kwenye changarawe za Minza, na vikasimama.

"Mwadila, mayu," ilisalimu sauti ya Anatoli, ndogo kuliko alivyowahi kuisikia.

Hakuna aliyeitikia. Vifaranga walilia. Kuku mmoja aliwaita, wakanyamaza. Felisita aligundua kuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, na kwamba hakuwa akingoja mashine tena, wala wanawake, wala kitu kingine chochote hapa duniani isipokuwa jibu la salamu ile.

"Mwadila, Anatoli," alisema Minza mwishowe. "Vua pama, halafu useme."